Binti Yangu Alionyesha Shule Nzima Mlango Tuliomfungia Bibi Yake

Dada Lailah mpendwa, nakuandikia nikiwa nimekaa kwenye kibanda changu soko la Nakawa, kati ya mteja na mteja, na usishangae mwandiko ukipinda. Miaka yote nimekuwa nikisoma ukurasa wako wa ushauri nikijisemea hawa watu wanajitakia wenyewe, leo ni zamu yangu, na tafadhali majina yote humu si yetu.

Mume wangu nitamwita Tajudin, ana duka la vipuri vya magari, ni mtu wa msikitini na wa kamati ya shule, watu wakigombana humwita awapatanishe. Sisi ni Wanubi, na kwetu bibi tunamwita habuba. Tunaishi na mama mkwe wangu, ambaye zamani alijulikana kwa kusuka tabaga, yale mafuniko ya rangi ya kufunikia chakula, na wengi walioolewa hapa mjini enzi zake walipelekewa chakula kimefunikwa kwa kazi ya mikono yake. Kisha akili yake ikaanza kupotea. Mwanzoni alitia chumvi kwenye chai tukacheka, baadaye akawa anamwita Tajudin kwa jina la marehemu mumewe, hatukucheka tena, kisha asubuhi moja akatoka na khanga moja tu mwilini akakutwa katikati ya barabara ya Jinja, magari yanapiga honi, yeye anatafuta ng'ombe wa baba yake. Akatoka tena, polisi wakamrudisha kutoka Bugolobi akiwa na damu miguuni. Siku nyingine alibeba jiko la mkaa linalowaka akaliweka juu ya godoro. Wasichana wa kazi tuliowaleta walikimbia wote, mmoja hakumaliza hata wiki, na ndipo Tajudin akaja na kufuli la mlango wa chumba cha mama yake, akasema, "Ni kwa muda tu, mpaka tupate mtu."

Dada, huyo mtu hatujampata mpaka leo. Kila asubuhi namwogesha, namlisha, namwachia uji kwenye chupa na ndoo pembeni, nafunga, naenda sokoni. Mwanzoni alikuwa anagonga sana. Watu wa msikitini tuliwaambia amelala kitandani na hawezi wageni, na wifi yangu Zuleika, dada yake Tajudin anayeishi Bombo, tulimwambia tumeweka mama mmoja wa kumtunza, na kila akija kututembelea tulikuwa tunajua mapema, tunafungua.

Binti yangu Umulkheir yuko darasa la tano. Yeye hurudi nyumbani kabla yetu, na nilikuwa namkuta ameketi sakafuni mgongo wake kwenye ule mlango, anazungumza na habuba aliye ndani. Sikumkataza. Nilifurahi tu kwamba kugonga kumepungua.

Muhula huu shuleni kwao alikuja mwalimu wa mazoezi, Madam Abalo, binti wa Kiacholi anayesomea ualimu chuo cha Kyambogo, mpole, anacheka haraka. Alituita wazazi akatueleza kwamba ameleta tableti chache na kwamba wataalamu wa mambo ya kujifunza wameona mtoto hamiminiwi elimu kama maji kwenye jerikeni, bali huijenga mwenyewe kutokana na yale anayoyaishi, na hujifunza zaidi akiwa karibu na mtu anayejua kumzidi, anayemwongoza mpaka aweze peke yake. Kwa hiyo kila mtoto atatengeneza hadithi ya kidijitali, atapewa tableti kwa zamu aende nayo nyumbani, atachora au kupiga picha, atarekodi sauti, ataviunganisha kwenye tableti, na mada ni mtu anayenifundisha nyumbani. Tulipiga makofi. Tajudin alisimama kwa niaba ya kamati akamshukuru.

Jumamosi moja Umulkheir alinifuata sokoni, nikiwa napimia mteja kitambaa, akaniuliza, "Mama, naweza kumweka habuba kwenye hadithi yangu?" Sikumsikiliza, Dada, masikio yangu yalikuwa kwa mteja. Nikamwambia, "Mweke unayemtaka, niache nifanye kazi."

Siku ya wazazi walitundika shuka jeupe ukutani. Ukumbi ulijaa, Tajudin yuko mbele na kanzu yake nyeupe pamoja na wenzake wa kamati, na Zuleika naye alikuwa amekuja kutoka Bombo kumtazama mtoto wa kaka yake. Hadithi za kwanza zilikuwa za kufurahisha, kijana anaonyesha baba yake anavyoziba pancha, msichana anaonyesha shangazi yake anavyokanda chapati. Kisha ikaja ya kwetu. Picha ya kwanza ni mlango wa bluu na kufuli limening'inia. Sauti ya binti yangu ikasema, "Huu ni mlango wa habuba yangu. Ananifundisha kutoka ndani." Watu wengine walitabasamu, nadhani waliona ni mchezo wa kitoto.

Zikafuata picha alizochora, miviringo ya tabaga, nyekundu, nyeusi, manjano, na sauti ya mama mkwe wangu ikatoka kwenye spika, kwa Kinubi, anamfundisha mtoto zamu za rangi, ukizunguka na nyekundu mara mbili rudi na nyeusi mara moja, na mtoto anahesabu, anakosea, anarekebishwa, anapatia, na Madam Abalo amesimama pembeni anang'aa kwa furaha kwa sababu yeye Kinubi hakijui hata neno. Halafu sauti ikabadilika. Habuba akasema, "Umu, mtoto wangu, nani amefunga huku? Nimeiba nini? Mwambie Tajudin nimetubu. Mwambie sitarudia." Na sauti ya Umulkheir, chini chini, ikamjibu, "Hujaiba kitu, habuba. Endelea. Nyekundu, halafu?" Na habuba akaendelea na nyekundu yake.

Wasiojua Kinubi walipiga makofi. Zuleika alisimama katikati ya watu akasema, "Tajudin. Yule ni mama?" Tajudin hakugeuka. Mzee mmoja wa msikitini aliyekaa karibu naye alihamisha kiti chake kidogo, hivi, na nadhani hilo lilimuuma mume wangu kuliko swali la dada yake.

Zuleika alikuja moja kwa moja nyumbani. Nikatoa ufunguo, nikafungua ule mlango mbele yake. Habuba alimtazama binti yake wa kumzaa akamuuliza, "Wewe ndiye askari mpya?" Zuleika akakaa chini sakafuni akalia kama mtoto. Alitaka aondoke naye saa ile ile, lakini Tajudin akakataa, akasema, "Mama haondoki kwangu watu wakasema nimemfukuza." Zuleika akatoka bila kuaga, akasema atarudi na wajomba.

Sasa mume wangu hajampiga mtoto, hata kidole hajamgusa, lakini hasemi naye, na shule amemwachisha. Amemkataza kukaa pale mlangoni. Amepeleka malalamiko kwa mwalimu mkuu kwamba Madam Abalo ndiye aliyetunga yale maneno na kutafuta bibi kikongwe wa kuyasema ili apate alama zake chuoni. Kamati inakaa Alhamisi. Ananitaka mimi na Umulkheir tuseme hivyo hivyo mbele ya wote. Anasema, "Mtoto aseme alitunga. Si ni hadithi? Hadithi hutungwa." Tukisema hivyo yule binti wa watu amekwisha, hatapata ualimu tena.

Alikuja hapa sokoni juzi, macho yamevimba. Akaniambia, "Mama Umu, lugha sikuijua. Na ule mlango nilidhani ni pambo tu la kuanzia hadithi. Ningejua nisingeonyesha. Lakini mtoto hakutunga, sivyo?" Nikamjibu, "Nina wateja." Akatazama kibanda, hapakuwa na mteja hata mmoja, akaondoka.

Na jana Umulkheir ameniuliza, "Mama, nikisema nilitunga, habuba atafunguliwa?" Nikaingia jikoni. Habuba anaita mchana kutwa hakuna wa kumwitikia. Tajudin si mtu mbaya, Dada, amenisitiri, amewasomesha ndugu zangu, nikisema kweli mbele ya ile kamati sijui kama nitarudi nyumbani nikiwa na ndoa, nikisema uongo namzika binti wa mtu, na mtoto wangu ananitazama. Nifanye lipi, na kama kuna neno la kumwambia Umulkheir la kumtuliza mpaka mambo yapoe, nipe hilo neno.

Mama Umu, Nakawa

*

Mama Umu,

Barua yako ilinifikia Jumanne, kikao chenu kilikuwa Alhamisi, na ukurasa huu hutoka Jumamosi. Sikungoja. Nilikupigia simu, na tuliyozungumza nayaandika hapa kwa ruhusa yako, kwa kuwa najua huo mlango hauko kwenu peke yenu.

Neno langu la kwanza kwako lilikuwa swali: ufunguo uko wapi? Ukaniambia uko kwenye pochi yako. Na wewe uko wapi? Sokoni. Nikakwambia funga kibanda urudi nyumbani, na ulikasirika, ukanipigia kelele ukisema hukuomba ushauri wa ufunguo. Mama Umu, nyaya za umeme zikilipuka mchana na wewe uko Nakawa unapima vitambaa, nani atafungua? Katika barua yako yote umehofia kamati, ndoa, na msikiti. Moto hukuufikiria, na jiko juu ya godoro uliliona kwa macho yako.

Pole nakupa, na ni ya kweli. Kumtunza mtu aliyepotewa na akili ni kazi inayokula mwili, na wewe ulipewa uifanye peke yako kabla ya kwenda kwenye kazi yako nyingine. Mumeo alileta kufuli akaenda dukani. Dada yake aliletewa maneno mazuri akayapokea, na siku zote hizo hakuwahi hata mara moja kuja bila taarifa. Hilo nalo Zuleika alilie. Lakini wewe ndiye uliyekuwa ukizungusha ufunguo kila asubuhi, kwa hiyo usiniandikie "Tajudin" penye "mimi".

Sasa mtoto. Mwalimu aliwaambia kwamba mtoto huijenga elimu yake kutokana na yale anayoyaishi, mkapiga makofi. Kwani mlidhani Umulkheir anayaishi ya nyumba ya nani? Aliulizwa nani anamfundisha nyumbani, akajibu. Wewe ulikuwa sokoni, baba yake dukani, na aliyekuwepo kumrekebisha akikosea hesabu alikuwa bibi asiyejua yuko wapi. Nimeisoma barua yako tena na tena na sijamwona mtu mwingine humo anayefundisha kitu. Nyote wawili mlikuwa mnataka kumfundisha somo moja tu, kwamba alichokisikia kwa masikio yake hakikusemwa. Angelijifunza, Mama Umu. Watoto wanaojifunza somo hilo huwa hawalisahau, na wakikua hawaji tena kukuambia wakiguswa mahali pabaya.

Na Madam Abalo, ikiwa unasoma, na wewe unalo lako. Usiwashe spika mbele ya umati kwa sauti usiyoielewa. Tafuta anayejua lugha hiyo, kaa na mtoto msikilize pamoja, mwulize mwenye sauti kama anakubali, na asiyeweza kukubali waulizwe wa kwao. Hicho chombo ulichompa mtoto kimemfikisha mbele ya watu mia wakati wewe umesimama pembeni unafurahi. Hukukusudia. Wakati mwingine kusudia.

Alhamisi ulikwenda. Ulinipigia jioni yake ukiwa umesimama nje ya lango la shule. Ukanieleza mumeo alivyoanza kusema, na mwalimu mkuu alivyokugeukia akauliza, "Mama, na wewe unasemaje?" Ukasema, "Ile ni sauti ya mama mkwe wangu. Mtoto hakutunga, wala madam hakutunga." Tajudin akainuka akatoka, hakungoja hata kikao kifungwe kwa dua.

Ungependa niwaambie wasomaji kwamba baada ya hapo mambo yalinyooka. Hayakunyooka. Madam Abalo hakufukuzwa chuoni, lakini ameambiwa amalizie mazoezi shule nyingine, kwa kuwa hii yenu inaogopa maneno. Ile hadithi ilifutwa kwenye tableti palepale mezani, kwa heshima ya familia, walivyosema, na Umulkheir alikuwa amesimama akitazama. Hakuna aliyefikiri kumwekea mtoto nakala ya sauti ya bibi yake. Hata wewe. Ijumaa Zuleika akaja na mjomba mmoja wakamchukua habuba kwenda Bombo. Mumeo analala dukani. Na wewe ukaniuliza kwa sauti ya mtu aliyechoka, "Dada, sasa nimepata nini?"

Sina jibu tamu. Binti wa watu hujamzika, basi. Hilo si dogo ingawa halikupunguzii kitu usiku huu.

Kuhusu Tajudin, usimfuate dukani kuomba msamaha kwa kusema kweli. Mpelekee chakula ukiweza, msalimie, ondoka. Mwombe huyo mjomba aliyekuja na Zuleika akakae naye, mwanamume kwa mwanamume, asimkemee, kwa sababu kemeo alishalipata ukumbini kutoka kwenye kile kiti kilichosogezwa. Nadhani mumeo alimpenda mama yake akashindwa kuvumilia kumwona alivyokuwa, akamweka mahali asipomwona. Huo si udhuru. Ni mahali pa kuanzia mazungumzo. Akikataa kabisa, njoo kwangu tuzungumze mengine.

Kuhusu mama mkwe, Zuleika naye atachoka, labda mapema kuliko wewe kwa kuwa amemchukua kwa hasira. Kabla hajachoka, kaeni nyinyi na wajomba mpange zamu, nani anakaa naye juma lipi, na anayeishi mbali achangie mtu wa kumtunza. Mpelekeni hospitali. Kusahau kwa namna hiyo ni ugonjwa, una madaktari wake, na hata pasipo dawa ya kumponya kuna ya kumtuliza na kuna watu wa kuwafundisha namna ya kumlinda asitoke. Mlango wa nje ukifungwa mtu akiwa ndani pamoja naye, huo ni ulinzi. Nyinyi mlichofanya kina jina lingine, na yeye mwenyewe alilijua, ndiyo maana alimwona binti yake akamwita askari.

Limebaki la Umulkheir, nalo ndilo linalonitia wasiwasi. Umeniambia tangu Alhamisi hali chakula vizuri, na akiulizwa hujibu kwa kichwa tu. Umeniambia pia kwamba habuba huko Bombo ameketi kitandani, mlango uko wazi, hatoki, na anauliza mtoto amekwenda wapi. Wote wawili wanadhani wameadhibiwa.

Uliniomba neno la kumtuliza mpaka mambo yapoe. Silo nitakalokupa. Leo hii, ukimaliza kusoma, mkalishe umwambie, "Ulichoonyesha ni kweli, na kosa ni letu mimi na baba yako." Ukishasema hivyo nyamaza. Kuna "lakini" itakuja mdomoni kwako, naijua, imeze.

Kesho Jumapili mpeleke Bombo. Usiniambie habari ya soko. Njiani umwambie habuba anaweza asimtambue akimwona, kwa maana muda mrefu alikuwa akimsikia zaidi ya kumwona, na kwamba bibi akimgeuzia uso, yeye mtoto hajakosa kitu. Kama atamjua, waache peke yao, usikae kati yao ukirekebisha mambo. Na kama hatamjua, usimdanganye mtoto kwamba kesho kutwa atakumbuka. Mwambie habuba anatutoka kidogo kidogo, na katika muda aliokuwa nasi, sehemu kubwa tuliipoteza.

Lailah